Papa Wawili wa Zawadi

Mwanangu, kuna asubuhi moja ya Doha ambayo nikiikumbuka, kifua bado hunibana. Nilikuwa mwanafunzi wa viumbe vya baharini, nikikaa mtaa wa Fereej Bin Mahmoud na Zawadi, msichana wa Voi kama mimi. Mwalimu wetu alitaka mtu wa kulinganisha papa wawili wa kilindini, ndugu wa karibu, wote wako hatarini kutoweka kwa sababu huvuliwa kwa ajili ya mafuta ya ini na huzaa polepole mno. Akamchagua Zawadi.

Nilimwonea wivu sana. Kila aliposema "papa wangu", nilihisi ananichoma makusudi. Maskini, hata habari hakuwa nayo.

Asubuhi hiyo, kesho yake akitarajiwa kuzungumza mbele ya wataalamu wa uvuvi, aliniomba nimsikilize. Akanionyesha picha. Wote wawili wana macho ya kijani, na mwiba mbele ya kila pezi la mgongoni. Ngozi ndiyo huwatenganisha: mmoja ana vijimeno vilivyoinuka kama majani madogo, ukimgusa anakwaruza, mwenzake ni laini. Mimi nilikuwa nimewashika wote maabara. Nikaona Zawadi amezigeuza picha: wa kukwaruza kamwita laini.

Sikumwambia kosa lake. Nikaenda jikoni.

Huko nilimkuta Mama Nekesa, muuguzi mtu mzima tuliyekaa naye nyumba moja. "Mbona umenuna hivyo?" Nikamwambia yote.

"Kwa hivyo unataka aaibike kesho? Na hao samaki je? Watu wakiwachanganya, watajuaje ni yupi anaisha upesi zaidi?"

"Lakini nafasi ile ilikuwa yangu, Mama."

"Labda. Mwonee wivu ukitaka, lakini mwambie kwanza."

Nikarudi, nikamwambia. Zawadi akashika mdomo, kisha akanikumbatia kwa nguvu. Kesho yake alizungumza vizuri, ukumbi mzima ukampigia makofi. Jina langu hakulitaja. Nami nilipiga makofi, mwanangu, na wivu ulikuwa palepale, haujapungua hata kidogo.

Ndiyo maana nakuambia: usingoje moyo utulie ndipo utende haki. Huenda usitulie mwaka huo. Wivu utakuja bila kuulizwa, ukae nao, lakini usiuache ukufunge mdomo pale neno lako linapohitajika.

Mungu akupanulie kifua, mwanangu, na mema ya wenzako yasikukoseshe usingizi.