Mwenye duka amekataa kuniuzia jenereta kubwa

Leo mchana, pale mtaa wa Asiatique, nimegombana na mwenye duka. Kosa lake: amekataa kuniuzia jenereta kubwa, na pesa ninayo mkononi!

Jumamosi mi na mama tunakwenda kupiga kambi kando ya ziwa, kwenye remorki, lile tela la kuvutwa na gari, tuliyoitia vitanda viwili. Huko umeme hakuna, na mama ana sukari. Insulini yake lazima ikae kwenye friji.

Kwa hiyo nimeingia dukani na mama, nikamkalisha kwenye kiti, nikataka jenereta kubwa kuliko zote.

Mzee Hamadi, mwenye duka, akaniuliza, "Utawasha nini?"

"Friji ndogo, taa mbili, na simu."

"Basi chukua hii ndogo. Inatosha. Ile kubwa sikuuzii."

Nikapandisha hasira. "Mzee, unaona mwanamke hawezi kulipia ile kubwa?"

"Apana, dada."

Akaitoa ile kubwa hadi barazani, akavuta kamba, ikawaka. Kelele! Hata wauza vitambaa wa jirani waligeuka.

Mi nimesimama pale, nimeridhika kabisa.

Mzee akanigusa bega, akanionyesha nyuma.

Mama alikuwa kwenye kiti, mkono juu, midomo inacheza, na mi sisikii kitu. Mzee akaizima.

"Nimekuita mara tatu, mutoto wangu," mama akasema. "Nilitaka maji tu."

Sukari ikimshuka, huwa ananiita kwa sauti hiyo hiyo ndogo, na kule kambini nisingeisikia.

Mzee akawasha ile ndogo. Mama akaniita polepole. Nikaitika.

Nimeichukua. Ila msamaha sijamwomba Mzee, nimeondoka tu na aibu yangu. Nimrudie kesho, ama nimpigie simu? Niambieni.