Kilele Kilichokosa Jina la Kwetu

Mimi ndiye niliyemfundisha kusoma ramani. Hilo ndilo nililokuwa najiambia kila aliposifiwa, na alisifiwa sana.

Ni mtoto wa baba yangu mdogo, nimempita miaka minne. Tulilelewa na bibi yetu huko Suguti, nyumba moja na kitanda kimoja. Nilikuwa na atlasi isiyo na jalada, niliyozawadiwa shuleni kwa kuongoza somo la jiografia. Tukitoka kupalilia mihogo nilimkalisha mkekani nikamwonyesha skeli, mistari ya kontua, na jinsi bahari inavyozidi kuwa na rangi nzito kila inapozidi kina. Tulipofika ukurasa wa mwisho, wa lile bara jeupe la kusini, nilimwambia, "Hapa hakuna kitu, ni barafu tu." Akauliza, kama hakuna kitu, haya majina yote ni ya nini. Nikamtuma maji.

Nilikuja kuwa mwalimu wa jiografia katika sekondari moja huku Buhare, pembeni mwa mji wa Musoma. Yeye alisomea miamba, akapata nafasi ya kuendelea ng'ambo, na mwaka juzi akachaguliwa katika kundi la watafiti waliokwenda ncha ya kusini kuchunguza safu ya milima. Milima yenyewe karibu yote imefukiwa na barafu, vinachomoza vilele tu, vyeusi, vimetengana kama visiwa. Picha yake akiwa na koti jekundu ilizunguka kwenye simu za ukoo mzima. Kanisani mchungaji alimtaja. Ofisini walimu wenzangu walinipa mkono. "Madamu, hongera, ndugu yako ametutoa kimasomaso." Nilijibu asante, kisha nikasahihisha madaftari ya kidato cha pili kwa ukali hata mwanafunzi mmoja akaniuliza kama naumwa.

Nilikuwa naifungua ile picha mara kwa mara, naikuza kwa vidole, natafuta kasoro. Niliona amenenepa mashavu. Nilifurahi, na furaha hiyo ilinidumu karibu siku nzima.

Jumatatu moja akaniandikia ujumbe. "Dada shikamoo. Nina shida ambayo ni wewe tu wa kunisaidia." Akaeleza kwamba vilele vingi vya ile safu havina majina, vina namba tu za urefu wake. Vile vyenye majina vilipewa na wageni waliofika kwanza, wakaweka ya wafalme wao, wafadhili wao na wake zao, maana hakuna mtu aliyezaliwa kule wa kuulizwa. Sasa kiongozi wao alikuwa amewaruhusu kila mmoja apendekeze jina la kilele kimoja. Masharti yalikuwa mawili: lisiwe la mtu aliye hai, na asili yake ielezwe. Yeye alitaka jina la mlima wa mawe ulio nyuma ya nyumba ya bibi. Sisi watoto tuliuita mlimani tu, lakini ulikuwa na jina lake katika lugha ya nyumbani, na bibi alilijua. "Nenda ukamuulize, uniandikie linavyotamkwa na maana yake. Fomu inaondoka Ijumaa."

Sikwenda. Suguti unakwenda na kurudi siku hiyo hiyo. Jumatano nilikuwa mjini, mtaa wa Mukendo, kununua kitambaa cha shati, nikayaona magari ya Suguti yakiita abiria, nikayapita. Niliwaza kwamba mawe yale nimeyapanda mimi kabla yake, nimechunga mbuzi pale kabla hajajua kutembea, na sasa yangeandikwa kwenye ramani za dunia, na pembeni aandikwe yeye. Alhamisi nikamjibu: "Bibi hakumbuki. Uzee."

Akaandika, "Masikini. Msalimie." Basi.

Mwezi wa saba akaja likizo. Mkuu wa shule akaniomba nimlete azungumze na wanafunzi, nami ningekataaje. Alisimama mbele ya darasa langu, kwenye ubao wangu, akawaonyesha picha. Alieleza kwamba wakati wa kiangazi cha kule jua halizami, na kwamba mlima unaouona una urefu wa mita mia mbili unaweza kuwa umesimama juu ya mita elfu mbili za mwamba uliozama ndani ya barafu. Wanafunzi ambao kwangu husinzia walikuwa wamesogeza viti mbele. Msichana mmoja akauliza, "Na wewe ulikipa jina kilele kipi?"

"Changu alikichukua mwenzangu. Alikipa jina la kijito cha kwao. Mimi sikupata jina kwa wakati." Kisha akanigeukia akitabasamu. "Lakini huyu mwalimu wenu ndiye aliyenifundisha ramani. Mpigieni makofi."

Walinipigia. Nilitazama chini mpaka wakamaliza.

Kesho yake tulikwenda pamoja Suguti. Bibi alikuwa uani anamenya mihogo. Baada ya salamu na chai, mdogo wangu akamwambia kwa upole, "Bibi, pole, nasikia siku hizi unasahau. Kuna jina nilikuwa nalitaka."

"Nani kasema nasahau?"

"La ule mlima wa nyuma."

Bibi akalitaja hapo hapo, kisu hakikusimama. Akaeleza maana yake: Walipogeukia. Mwaka wa njaa watu walikuwa wanahama na mifugo. Ng'ombe walipofika kwenye yale mawe walikataa kuendelea, wakageuka kurudi, na watu wakawafuata. Siku ya pili mvua ikanyesha. "Huo ndio mlima wenu," alisema. "Na lile jiwe la chini yake lina jina lake, na lile lililopasuka lina lake. Mbona hamkuwahi kuuliza?"

Mdogo wangu aliniangalia. Nilisema, "Bibi, alinituma nije nikuulize. Sikuja."

Bibi akasema, "Haa," akachukua muhogo mwingine.

Siku ya kuondoka nilimsindikiza mpaka Bunda, ambako angelala kwa shangazi kabla ya kuendelea Mwanza. Stendi, akiwa ameshika begi lake, akasema, "Ungeniambia tu kwamba hutaki."

"Nilikuwa nakuonea wivu."

"Najua. Unakuwaga hivyo tangu nifaulu kidato cha nne. Nimezoea." Akavuta pumzi. "Wivu wako uwe kwangu mimi. Lakini ulimfanya bibi aonekane amechanganyikiwa akili, nami nikawaambia wazungu wale kwamba bibi yangu amesahau, wakanipa pole. Nilikaa kule nikimlilia mtu mzima mwenye akili zake."

Nikamwambia anisamehe. Akasema, "Nimesikia," jibu ambalo si ndiyo wala si hapana, akaondoka.

Alimwandikia kiongozi wao akampelekea jina pamoja na maelezo ya bibi. Akajibiwa kwamba orodha imefungwa. Msimu uliofuata hawakumchukua tena, na hajui kama watamchukua. Kile kilele kina jina la kijito cha watu wengine. Nimechapisha ramani yake, nimeibandika darasani, na nikifundisha ncha za dunia nakionyesha kwa rula kama vilele vingine, nikiwaambia wanafunzi habari za majina hayo. Habari zangu mimi siwaambii.

Siku hizi akitaka jambo la nyumbani hanipitii mimi. Amemnunulia bibi simu ya vitufe, na kila Jumapili baada ya ibada wanazungumza. Amenunua daftari, anaandika majina yote ya mawe ya Suguti, na maana zake. Jumapili iliyopita nilikuwa uani kwa bibi nachambua mchicha. Nilimsikia ndani, akiwa kwenye simu, akicheka kicheko ambacho mimi sijawahi kumtoa, kisha akaanza kumsimulia habari za jiwe fulani la ufukweni nisilolijua. Nikaacha mchicha nikasogea dirishani nilisikie jina. Bibi akateremsha sauti, na kuku walikuwa wanapiga kelele.