Mti wa Kitovu cha Mchungaji

Kila asubuhi, kabla hajagonga chuma cha kuitia watu sala, baba mkubwa Tu Lo alichuchumaa kwenye kibustani cha kunde nyuma ya kanisa, akachota udongo, akaunusa. Halafu alijifuta mkono kwenye suruali, na mama mkubwa alikereka kila siku. Watu waliopita na mabomba ya dawa ya magugu mgongoni walimtania: "Mchungaji, leo udongo umekolea chumvi?" Naye alicheka nao. Alitaka waache kulima mahindi matupu mwaka hadi mwaka, shamba lipumzike kama zamani, mpunga uchanganywe na maboga na mtama. Walimwitikia amina, wakaenda kupulizia.

Mwaka ule dawa iliteremka na mvua kutoka mashamba ya juu, kunde za kanisa zikajikunja zikakauka. Udongo aliendelea kuunusa, ila kucheka aliacha.

Juu ya chemchemi yetu kulikuwa na msitu wa vitovu. Sisi Wakareni, watu wa milimani, zamani mtoto akizaliwa, baba yake alitia kitovu kwenye kipande cha mwanzi, akakifunga mtini, na mti ule haukukatwa, kwa sababu roho ya mtoto ilikaa pale. Baba mkubwa ana mti wake. Mimi sina. Tangu yeye arudi, akiwa kijana, kutoka chuo cha Biblia, hakuna mtoto aliyebakishiwa mti.

Ardhi ya mahindi ilipoisha, watu walikaa kanisani baada ya ibada kuamua kuufyeka msitu ule. Baba mkubwa aliongea mpaka sauti ikakwaruza. Alisema miti ikiondoka chemchemi itakufa. Ndipo Kae Pho, kaka yake mama mkubwa, akasimama taratibu, wala hakuwa na hasira.

"Shemeji, mwanangu wa kwanza nilimfungia kitovu. Nani alipanda akakikata kile kimwanzi?"

"Mimi."

"Ukasema nini?"

"Nilisema mti ni kuni tu. Nilikosea, shemeji."

"Ulikosea siku ile, au unakosea leo? Maana siku zote mbili umeshika Biblia."

Mtu mmoja nyuma alicheka, akajifanya anakohoa. Mikono ikanyooshwa.

Walifyeka, wakachoma. Mti wa baba mkubwa wakauacha, kwa heshima, ukasimama peke yake kwenye majivu, umeungua upande mmoja. Kiangazi kilipofika chemchemi ikawa tope, tukawa tunateka mtoni, mbali kule bondeni. Hakuna aliyesema kitu kuhusu msitu. Walimwomba mchungaji aombee mvua.

Asubuhi moja nilimkuta bustanini, amefumbata udongo mkononi, haunusi. Nikamuuliza ana nini.

"Hauna harufu, mwanangu."

Akaumwaga. Akakung'uta viganja vizuri, suruali hakuigusa. Akatundika mkoba wake begani, akakipita kile chuma bila kukigonga. Mama mkubwa aliuliza kutoka jikoni kama amwekee wali.

"Weka tu," akasema.

Akapanda kilima katikati ya mabua ya mahindi, akaupita mti wake bila kuutazama, akavuka mgongo wake. Ule wali ulikaa umefunikwa mpaka ukachacha.