Roboti na Shangazi wa Nakonde

Roboti za mtandaoni zilinitia wazimu. Zilivamia tovuti yangu ya bei za nafaka kama kuku walioona mahindi yameanikwa, hazinunui wala haziuzi, mpaka seva ikazidiwa ikazima. Kwa hasira nikaifunga tovuti kwa yeyote aliye nje ya Tanzania. Seva ikatulia, nami nikajisifu.

Asubuhi akaingia shangazi yangu, anayeuza mahindi Nakonde, upande wa Zambia, ambako kutoka kwangu Tunduma unakwenda kwa miguu tu. Akanionyesha simu yake: tovuti haifunguki.

“Mwanangu, mpaka huu nimeuvuka nikiwa mgongoni kwa mama, nikauvuka nimekubeba wewe. Hakuna askari aliyewahi kunizuia. Umekuja kunizuia wewe!”