Mahari Iko Nshamba

Nawasimulia mwenyewe, maana mkiisikia kwa Jovina ataongeza chumvi, na aibu hii imekolea tayari.

Mnajua mimi ndiye niliyeleta ule mfumo wa maktaba zetu kuazimana vitabu: ukiwa Izigo unaomba kitabu kilichoko Bukoba, kinaletwa maktaba iliyo karibu nawe, unapata ujumbe kwenye simu. Kazi ya kuandika ujumbe huo kwa Kiswahili nilijipa mwenyewe (nani mwingine?), na Jovina, mkutubi mwenzangu pale Kibeta, aliposema, "Nikusomee kabla hujatuma," nikamjibu, "Dada, Kiswahili nilipata A."

Siku ya uzinduzi tuko Nshamba, wakuu wa maktaba za Muleba wamekaa wanasubiri kuona ndipo waamue kujiunga au la, nami nauelezea mfumo kana kwamba nimeuzaa, mara wanaingia wazee watatu wamevaa makoti, nyuma yao binti, Koku, kajifunika uso kwa kitenge.

"Waitu, ndugu zetu, tumekuja kuchukua mahari," akasema mmoja wao, baba yake Koku. "Ila kwanza tumwone huyo mwanamume asiyejua kutuma mshenga."

Akanipa simu (Koku aliandikisha namba ya baba yake). Nikasoma kwa sauti, mjinga mimi: "Koku, ombi lako limekubaliwa. Mahari: Nshamba. Fika uchukue ndani ya siku saba."

Mahali, jamani! Nilitaka kuandika mahali! Sisi Wahaya r na l zinapishana mdomoni, nami nikaandika nilivyotamka. Ukumbi ukaangua kicheko, nikatamani ardhi ipasuke. Kilichoniuma zaidi ni Koku, tangu jana anahojiwa amemficha nani. Nikaeleza, nikamwomba radhi mbele ya wote.

Mzee akauliza, "Na kitabu chenyewe kiko wapi?"

Nikampa. Kilikuwa cha magonjwa ya kahawa. Akamgeukia binti yake.

"Uliniombea mimi?"

"Mibuni yako inakauka, tata," Koku akajibu.

Mzee akasoma ukurasa mzima amesimama, kisha akawaambia wale wakuu, "Jiungeni, waitu. Kuandika hawajui, lakini kitabu kimefika." Wakajiunga wote.

Siku hizi sibandiki hata tangazo la kufunga mlango bila Jovina kulisoma. Na mzee, kila muda wa kurudisha kitabu ukikaribia, hunitumia salamu: "Mwambieni mkwe hewa mahari bado naisoma, aniongezee siku."