Marcelline, soprano anayesoma vitako vya chupa

Saa tatu asubuhi, Jumamosi, Turffontein, mtaa wenye uwanja wa mashindano ya farasi. Marcelline amelala kifudifudi kwenye zulia la chumba chake cha uani, shavu sakafuni, tochi ya simu mkononi, akichungulia chini ya kiti. Ukipita mlangoni utadhani mama wa watu amepoteza hereni.

Hajapoteza kitu. Juu ya kiti hicho, ambacho alikitoboa tundu katikati kwa makusudi, imesimama chupa ya wiski. Kupitia tundu anasoma maandishi ya kitakoni bila kuilaza, kwa sababu chupa za umri huu hazilazwi. Kulaza chupa ndiko kulikomponza. Na ndiyo maana leo saa tano anangoja wageni.

Wageni ni wawili, wametumwa na baraza la wazee wa kanisa lake la Wakongo kule Rosettenville. Mmoja ni Mzee André, mzee wa kanisa tangu kanisa lenyewe lilipokuwa sebule ya mtu. Wa pili ni Mama Victorine, kiongozi wa kwaya, mwanamke ambaye pua yake itatajwa tena katika habari hii. Watakachokiona humu ndani ndicho kitakachoamua kama Marcelline atarudi kuimba. Hii ni wiki ya saba hajaimba.

"Ninaimba soprano tangu kwetu Uvira, Kongo, tangu niko na miaka kumi na mbili," anasema, akijifuta vumbi shavuni. "Kusafisha nyumba nimejifunza huku. Chupa nimejifunza huku. Kuimba nilikuja nako."

Ana miaka 47. Siku nne za wiki anasafisha nyumba za watu kwa randi 350 kwa siku. Siku mbili anasoma chupa za bourbon za zamani kwa wakusanyaji, randi 200 kwa chupa, na mwezi ukiwa mzuri chupa zinamlipia pango la chumba na karo ya binti yake. Jumapili ni ya Bwana.

Kwa asiyejua: bourbon ni wiski ya Kimarekani, na zaidi ya nusu ya nafaka yake ni mahindi. Kwa maneno mengine ni binamu wa ugali, ila yeye alisafiri. Kuna watu wa heshima kabisa katika jiji hili, wenye suti na mikopo ya nyumba, ambao hukusanya chupa zake kuukuu na wala hawazifungui. Wanataka kujua jambo moja tu: hii ni ya mwaka gani?

Jibu analo Marcelline, ambaye hajawahi kuonja hata tone. Anaijua bourbon jinsi tarishi anavyozijua barua: kwa bahasha.

Aliyemfundisha anaitwa Ouma Hettie, yaani Bibi Hettie. Ni mjane wa miaka 84 ambaye marehemu mume wake alifuga farasi wa mashindano na kujaza kabati mbili kwa chupa alizoletewa na marafiki kutoka ng'ambo. Mwaka 2011 Marcelline aliajiriwa kumsafishia nyumba, mitaa mitatu kutoka uwanja wa farasi. Siku ya kwanza alifanya kile ambacho msafishaji yeyote mwenye kujiheshimu angefanya: alizitoa chupa zote kabatini akaanza kuziosha kwa sabuni na maji ya moto.

"Nilisikia kelele," anakumbuka, na tayari anacheka. "Nikasema huyu bibi ameanguka. Nikakimbia na povu mikononi. Kumbe analilia karatasi!"

Karatasi yenyewe ni ule ukanda mwembamba wa ushuru uliobandikwa juu ya kizibo, ambao serikali ya Marekani iliuacha katikati ya miaka ya themanini. Wa kijani ni hazina, kwa sababu huandikwa msimu na mwaka wiski ilipopikwa, na msimu na mwaka ilipotiwa chupani. Marcelline alikuwa ameshazisugua chupa nne. Zilikuwa zinameta kama meno ya mtangazaji wa televisheni, na hazina tena cheti cha kuzaliwa.

Bibi mwingine angemfukuza. Ouma Hettie alikaa kitini, akapumua, kisha akasema chupa hizo nne bado zina kitu ambacho sabuni haiwezi kukitoa. Macho yake wakati ule yalishaanza kuingia ukungu. Akamwambia Marcelline aziinue moja moja na amsomee namba za kitakoni.

Ndivyo darasa lilivyoanza. Mmoja alikuwa na elimu bila macho, mwingine macho bila elimu. Kila Jumatano, sakafu ikishakauka, walikaa jikoni na chai.

"Nilisoma, yeye akaeleza," anasema Marcelline. "Kitakoni kuna namba ya kiwanda, na pembeni tarakimu mbili. Mara nyingi zile mbili ndizo mwaka wa kioo. Ukiona mililita kwenye lebo, mara nyingi hiyo si ya kabla ya mwaka themanini hivi. Ukiona onyo kwa mama mjamzito, hiyo ni ya tangu themanini na tisa, ni kitoto. Na ukiona kioo chenyewe kimechorwa maandishi kwamba sheria inakataza kuiuza au kuitumia tena chupa hii, voilà, hiyo ilitengenezwa kati ya thelathini na tano na sitini na nne. Hapo unavua viatu."

Ouma alimpa pia kanuni moja, na hiyo Marcelline anaitaja mara nyingi kuliko zote. Mwenye chupa siku zote ana mwaka anaoutaka. Usimpe mwaka anaoutaka. Mpe ulioandikwa kwenye kioo.

Kanuni hiyo imewahi kumuudhi Njoroge, Mkenya anayefanya kazi benki na mteja wake mkubwa. Aliuziwa chupa "ya miaka ya hamsini" kwa pesa ambazo mkewe hadi leo hajaambiwa. Marcelline alilala chini ya kiti dakika mbili, akatoka na jibu: themanini na sita.

"Nilimwambia, mama, tazama tena, labda tochi ina shida," anasimulia Njoroge kwa simu. "Akaniambia tochi ni nzima, mwenye shida ni aliyekuuzia. Nilinuna wiki nzima. Lakini tangu siku hiyo sinunui chupa kabla hajaiona. Huyu mama ameniokoa na wezi wengi sana, namshukuru Mungu kwa ajili yake."

Ni chupa ya Njoroge iliyoleta balaa. Alhamisi moja mwezi wa Juni, Marcelline aliichukua nyumbani kwa mteja huyo kwenda kuichunguza. Ilikuwa ya mwaka 1984, imejaa hadi shingoni. Alijua fika kwamba wiski haikai kama mvinyo: ikilazwa, pombe yake kali inakula kizibo. Amewafokea watu wazima kwa kosa hilo. Lakini siku hiyo alichelewa mazoezi ya kwaya. Akaivingirisha chupa kwenye kitenge na kuilaza ndani ya mkoba.

"Niliilaza kama mtoto," anasema. "Mama wa Kikongo, ukimpa kitu cha thamani na kitenge, atafanya nini? Atakifunika na kukilaza. Mikono ilifanya kazi, kichwa kilikuwa bado kinatafuta teksi."

Kizibo, ambacho kilikuwa kimeshakuwa kama keki, kilikubali yaishe mahali fulani kabla ya Rosettenville. Marcelline aliingia ukumbini akakaa kati ya wenzake, akafungua kinywa kwa wimbo wa kwanza. Soprano wa kulia akageuka. Wa kushoto akageuka. Bourbon ya 1984 ilikuwa imelowesha mkoba, kitabu cha nyimbo na sketi nzima. Mama Victorine akainua mkono, wimbo ukakatika.

"Nani hapa ametoka baa?" aliuliza.

Maelezo ya Marcelline hayakumsaidia. Jaribu wewe kueleza, ukinuka hivyo, kwamba hunywi, unasoma tu chupa. Baraza lilisikia pia kwamba chumbani kwake zimo chupa ishirini na tatu. Akawekwa pembeni mpaka "jambo lichunguzwe." Njoroge, aliyepoteza chupa, ndiye aliyemfariji kwanza. "Iliyokufa ni chupa, mama, si wewe," alimwambia, wala hakudai fidia.

Saa tano na dakika tano, geti linagongwa.

Mzee André anaingia na kofia mkononi. Mama Victorine anaingia na pua mbele. Chupa ishirini na tatu zimesimama ukutani kwa mstari, zimenyooka kuliko kwaya ya watoto. Hakuna harufu ila ya chai ya tangawizi.

"Karibuni, wazazi wangu. Karibuni chai."

"Chai baadaye, mwana wetu," anasema Mzee André. "Kwanza tuombee chumba. Vitu hivi vimepita mikono mingi."

Anatoa begani mfuko mweusi, na ndani ya mfuko chupa ya mafuta ya upako. Kila muumini anaijua. Imevalishwa fulana nyeupe ya uzi aliyoifuma Mama Victorine mwenyewe, kuanzia shingoni hadi chini, kama mtoto anayepelekwa kubarikiwa. Ndiyo iliyowapaka mafuta wagonjwa, maharusi na watoto wa kanisa hilo miaka ishirini na zaidi. Mzee anamkabidhi Marcelline aishike wakati yeye anatafuta andiko.

Hapo ndipo mkono wa Marcelline unapofanya kazi yake bila kuomba ruhusa. Mkono unapanda, chupa inakwenda juu ya kichwa, na macho yanaenda kitakoni, mahali pekee ambapo fulana haifiki.

Anaganda.

"Kuna nini?" anauliza Mama Victorine.

"Hakuna, mama."

"Umeona kitu. Sura hiyo naijua, ndiyo unayofanya alto wakikosea."

Angeweza kunyamaza. Maombi yangepita, chai ingenyweka, na huenda jioni angekuwa soprano tena. Baadaye atakiri kwamba alihesabu hayo yote, na kwamba kilichomshinda ni sauti ya Ouma Hettie jikoni.

"Mzee, nisamehe," anasema. "Chupa hii uliipata wapi?"

"Kwa muuza vitu vya zamani, mwaka elfu mbili na nne. Ilikuwa tupu. Niliipenda kwa sababu ni nzito na mdomo wake unafunga vizuri."

"Ilikuwa na maandishi?"

"Yalikuwepo kwenye kioo, ya Kiingereza. Mimi wakati ule nilikuwa na Kifaransa changu tu na good morning."

Marcelline anaomba ruhusa, anaivua fulana taratibu, na anasoma maandishi yaliyochorwa begani mwa chupa. Kisha anayatafsiri: sheria ya serikali kuu inakataza kuuza au kutumia tena chupa hii.

"Ni ya bourbon, mzee. Ni dada yao hawa wa ukutani."

Ng'ambo ya nyumba, spika ya uwanja wa farasi inataja majina ya farasi ambao hakuna humu ndani anayewajali. Mzee André anaitazama chupa aliyoibeba Jumapili zaidi ya elfu moja. Midomo yake inachezacheza.

"Ya mwaka gani?" anauliza hatimaye.

"Kioo kinasema hamsini na nane."

"Mimi ni wa hamsini na tano." Anafikiri. "Basi ni mdogo wangu."

Mama Victorine ndiye anayeanza. Kwanza ni mabega, kisha ni kifua, kisha anakaa kitini (kile chenye tundu) na kucheka mpaka kilemba kinalegea. "Eish, Mzee! Sheria imekataza isitumike tena! Na wewe umenipaka mafuta yake mara ngapi?"

"Na umepona, si umepona?" anajibu Mzee, naye sasa anafuta machozi.

Marcelline bado ameishika chupa kwa mikono miwili. "Pombe ilitoka zamani, wazazi wangu," anasema kwa upole. "Kilichobaki ni chupa."

Mzee André anaacha kucheka. Anatazama ukuta, chupa moja baada ya nyingine, kisha anamtazama mwenye chumba.

"Ungenyamaza, nani angejua?" anasema. "Mtu anayeniambia ukweli unaoniaibisha mimi, siku ambayo mimi ndiye ninayemhukumu, huyo atatudanganya kuhusu sketi?" Anachukua fulana ya uzi na kuivalisha chupa tena, vifungo na vyote. "Itaendelea na kazi. Nitawaambia wazee mwenyewe."

Anaombea chumba kwa mafuta yaleyale. Maombi ni mafupi, na yana shukrani kuliko kukemea.

Kisha chai inamiminwa. Mama Victorine anamaliza kikombe, anafunga kilemba upya, na kutoa hukumu kwa lugha yake. "Mazoezi ni Alhamisi, saa kumi na moja. Usichelewe. Na ile sketi sitaki kuiona."

Wakishaondoka, Marcelline anakusanya vikombe. Halafu anahesabu, si pesa, bali watu: bibi aliyeoshewa chupa zake asimfukuze, Njoroge aliyepoteza chupa asimdai, na hata Mama Victorine. "Pua yake ndiyo iliyowaleta hapa. Bila pua hiyo hawangeujua kamwe mkate wangu. Namshukuru hata yeye."

Mpango wake ni Jumapili ya mwisho wa mwezi, siku ya shukrani. Atapeleka sadaka yake mbele, ataimba peke yake wimbo mmoja wa Uvira, na atakuwa na mgeni. Ouma Hettie siku hizi anaishi kwenye makao ya wazee, na macho yamefunga kabisa. Bado Marcelline humtembelea kila Jumatano na chupa moja, anamsomea kitako, na bibi anakisia mwaka. Hakosei.

Binti ameshamuuliza mama yake kuna faida gani kumleta bibi asiyeona kwenye ibada ya Kiswahili asichokijua.

"Nitamkalisha mstari wa mbele," anasema Marcelline, akirudi chini ya kiti chake, kwa sababu bado kuna chupa kumi na moja za kusoma. "Macho yake ni ya zamani, kweli. Lakini masikio nimeyakagua mwenyewe. Ni ya juzi tu."