Konokono Wangu Hawatoki Bila Barua

Kwa miaka kadhaa kazi yangu ilikuwa kuhesabu konokono. Ndiyo, konokono. Kituo chetu cha utafiti wa samaki, hapa Mwanza, kilitaka kujua samaki wa kandokando ya ziwa wanakula nini. Basi nilizunguka mialo tisa wanakopakulia wavuvi, nikachota matope, nikahesabu, nikaandika.

Siku moja akaja ofisini daktari, mama wa makamo anayetafiti kichocho. Konokono ndio wanaoubeba ugonjwa huo, na yeye alikuwa na dawa za kutosha watu wa mialo mitatu tu. Alitaka kujua ni mitatu ipi yenye konokono wengi.

"Naomba takwimu zako," akasema.

Nilimtazama kana kwamba ameniomba mswaki wangu. Nikamwambia alete barua. Akaleta, haina muhuri. Ikarudi na muhuri, bosi wangu akauliza watu wa hospitali wanatafuta nini kwenye mambo ya samaki. Miezi minne ikakatika. Ukutani kwetu kuna bango: Sayansi ni ya Wote. Nililibandika mwenyewe.

Hatimaye bosi akaridhia, nami nikamkabidhi daktari jedwali safi: namba moja hadi tisa, na idadi ya konokono. Namba ipi ni mwalo upi, sikuandika. Mialo nilikuwa nimeipanga kwa ubora wa chai. Namba moja palikuwa na maandazi ya moto. Namba tisa, chai ilinuka dagaa. Maelezo hayo yalikuwa nyuma ya jalada la daftari langu. Daktari hakuuliza, maana nilishamfundisha kwamba kwetu kuuliza ni kuandika barua. Mialo yenyewe aliijua, akadhani, kama mtu yeyote mwenye akili, kwamba nimehesabu kutoka kusini kwenda kaskazini.

Dawa zikagawiwa. Sikufuatilia. Tulikuwa na warsha ya ushirikiano wa wanasayansi, na mimi nilikuwa kwenye kamati ya vitafunwa.

Ndipo akapiga simu dada yangu mdogo, anayeishi kwenye mmoja wa mialo ile tisa, ng'ambo ya ghuba, mbele kidogo ya kivuko cha Kamanga. Binti yake tumbo limemvimba na anapata choo chenye damu.

"Kaka, dawa za kichocho wamepewa wenzetu, huku hazijafika. Eti kwetu konokono ni wachache. Si wewe unayewahesabu?"

Kwao ndiko nilikookota wengi kuliko kote. Ila chai yao ni ya kawaida tu, nikawapa namba saba.

Asubuhi yake nililichana lile jalada, nikaenda hospitali bila barua wala muhuri. Daktari alilisoma taratibu, kidole kikishuka mstari kwa mstari, kikasimama.

"Hii namba saba, yenye konokono wengi," akasema. "Umeandika 'kwa dada'. Dada wa nani?"

"Wangu," nikamjibu.